Korosho yetu hupimwa, betri tunauziwa kwa rangi ya boksi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako, na maneno yakizidi unisamehe, maana mtu aliyezoea kupiga kelele ili asikike juu ya mawimbi hajui kusema kwa ufupi. Mimi ni nahodha mstaafu wa jahazi, mwenye miaka 67, na sasa nalima korosho ng'ambo ya Kitunda, ile ardhi unayoiona ukisimama Lindi mjini ukatazama upande wa pili wa maji. Nyumba yangu iko shambani, juu ya kilima kinachotazama bahari. Nguzo ya mwisho ya umeme iko karibu kilomita tatu kutoka mlangoni kwangu, kwa hiyo tangu mwaka 2019 nawasha taa kwa jua, kwa upepo na kwa betri. (Gesi ya Songosongo iligunduliwa mwaka 1974, nikiwa kijana wa jahazi wa miaka 16, na wakubwa wetu wakaambiana kwamba giza sasa basi. Hilo naliacha, lina waandishi wake.)

Kilichonisukuma kuandika ni gari la spika. Minada ya korosho imeanza, na kama ilivyo kila mwaka magari hayo yameanza kupita vijijini na muziki wao: paneli, inveta, betri, televisheni, kifurushi kizima, "umeme wa jua, umeme wa bure!" Juzi moja lilisimama chini ya mwembe wetu. Kijana akateremsha betri, akaipigapiga mgongoni kama mtu anayeuza ng'ombe, akasema, "Hii ni Ah 200, mzee wangu, giza utalisahau." (Ah ni ampea-saa, kipimo cha umeme unaokaa ndani ya betri.) Nikamwambia vizuri, tuipeleke kwenye mizani ya chama cha msingi, ushirika wetu wa wakulima wa korosho, hatua mia mbili tu kutoka hapa. Akacheka. Alipoona mimi sicheki akapandisha betri yake garini, akaniambia, "Shikamoo mzee, tutaonana." Shikamoo ya kuagia ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia.

Jua ni la bure, sibishani. Upepo nao ni wa bure. Lakini jua linazama saa kumi na mbili na kitu, na upepo una mambo yake. Kinachoiwasha nyumba saa nne za usiku ni betri, na hiyo ndiyo tunayoilipia, na hapo ndipo tunapodanganywa. Mimi nimeshazika betri tatu, kila moja na kifo chake, na ningependa wenzangu wanaosubiri malipo ya korosho wavisikie vifo hivyo kabla hawajaitikia spika.

Mwaka 2018 wakulima wenzangu wanaukumbuka. Serikali ilinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakaja kubeba mzigo maghalani. Fedha zangu zilichelewa, na zilipoingia mwaka uliofuata nilikuwa na njaa ya kununua kitu kinachoonekana. Nikanunua paneli ya wati 100, kontrola ya kusimamia umeme unaoingia kwenye betri, inveta ya kuugeuza uwe kama wa nguzo, na betri. Betri yenyewe ilikuwa ya lori. Sikujua kwamba kuna tofauti. Betri nilizozijua mimi ni za kuwashia mashine ya boti. Sasa najua. Betri ya gari imetengenezwa itoe msukumo mkubwa kwa sekunde chache, kisha mashine iijaze papo hapo. Nyumba haitaki msukumo. Nyumba inanyonya polepole tangu magharibi hadi alfajiri. Ni kama kumchukua mkimbiaji wa mita mia ukamtwisha gunia la korosho aende nalo Nachingwea kwa miguu. Atakwenda, lakini hatarudi.

Wala hatukuihurumia. Betri ya risasi (madini yale mazito, siyo ya bunduki), hata ile iliyotengenezwa kwa ajili ya sola, haitaki uvuke nusu yake. Ikiwa imejaa na imepumzika husoma volti 12.7 hivi, ikifika 12.2 ujue nusu imekwisha, na hapo uzime. Sisi tulikuwa tunaangalia mpira mpaka inveta ipige kelele yenyewe. Ilipofikisha mwezi wake wa nane betri ikafa. Inveta nayo haikuchukua muda: mjusi kafiri aliingia ndani kutafuta joto, wakafa wote wawili.

Kuna jambo la paneli nalo linaniuma, kwa sababu hilo nililijua tangu utoto nikanyamaza. Fundi aliyefunga ile paneli alikuja na karatasi iliyotoka kwenye boksi, na karatasi inasema elekeza paneli kusini, nyuzi 30. Akafanya hivyo kwa uaminifu. Mwezi Juni tukawa tunapata umeme wa kuchaji simu tu. Siku moja saa sita mchana nimekaa barazani nikaona kivuli cha nguzo ya kuanikia nguo kimelala upande wa kusini, nikajipiga kofi la paja. Nahodha mzima! Sisi tuko nyuzi kama 10 kusini ya ikweta, na mwezi Juni jua letu la adhuhuri liko kaskazini, nyuzi kama 34 kutoka utosini. Karatasi ile iliandikwa na watu wanaokaa upande wa pili wa dunia, ambako jua liko kusini kwao. Paneli yangu ilikuwa imelipa jua kisogo, ikipata chini ya nusu ya haki yake. Tuliigeuza kaskazini, tukailaza nyuzi 10 na kitu tu, kiasi cha mvua kuweza kuiosha. Nimeshapita nyumba nyingi tangu siku hiyo, Kitunda na hata mjini, nikikuta paneli zinatazama kusini. Huwa napiga hodi. Wengine wananishukuru, wengine wananiona mzee mwenye maneno.

Na salfa! Hili nalo halimo kwenye karatasi ya boksi. Tukianza kupulizia mikorosho kwa ajili ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, ile salfa haijui mkorosho ni upi na paneli ni ipi. Inakaa juu ya kioo kama poda. Mjukuu wangu alisoma kontrola kabla ya kuosha na baada ya kuosha, siku moja, saa ileile, jua lileile: ampea 11, kisha 14. Kitambaa laini na maji ya kawaida, alfajiri kioo kikiwa baridi. Basi.

Nirudi kwenye vifo. Baada ya ile ya lori, mwaka 2020 nilinunua betri mbili. Hizi zilikuwa nzuri kwa macho: za buluu, zimeandikwa jeli, Ah 100, na picha ya jua linalocheka. Muuzaji safari hii alikuwa wa dukani, chini ya feni, na risiti alinipa. Miezi minne zilifanya kazi kama mwali ukweni. Kisha taa zikaanza kufifia saa nne, halafu saa tatu, ikafika siku tukala chakula cha usiku gizani na paneli imeshinda juani mchana kutwa. Nilijilaumu mwenyewe. Nikapunguza televisheni, nikamkataza mjukuu kuchaji simu za wenzake. Zilipofikisha mwezi wake wa kumi na moja zilikuwa zimekwisha.

Mjukuu huyo anasoma ufundi umeme. Alipokuja likizo akazinyanyua, moja kila mkono, akaziweka chini, akaniuliza, "Babu, hizi ulizinyanyua ulipozinunua?" Nikamwambia nilizinyanyua na nikafurahi, maana zilikuwa rahisi kuvusha kwenye kivuko. Akasema, "Risasi haijui kujificha, babu." Tukazipakia kwenye bodaboda hadi chama cha msingi. Ilikuwa Oktoba, foleni ya magunia imefika barabarani, na karani wa mizani alidhani nimekuja kuchekesha watu. Nikamwambia mimi ni mwanachama, mizani hii na yangu imo. Akaziweka. Ya kwanza kilo 17. Ya pili kilo 17 na nusu.

Betri ya kweli ya risasi yenye Ah 100, ya jeli au ya asidi, huwa na uzito wa karibu kilo 30. Umeme wake unakaa kwenye sahani za risasi, na sahani zikipunguzwa umeme nao unapungua, hakuna rangi inayofidia. Kwa hesabu ya mjukuu nilikuwa nimeuziwa kama Ah 55 mbili kwa bei ya 100 mbili. Kila usiku nilipodhani nimebakiza nusu, kumbe nilikuwa nakamua tone la mwisho. Sikuziua mimi. Zilikuja zikiwa nusu maiti.

Watu kwenye foleni walinyamaza kidogo, kisha mmoja akasema, "Na mimi ninayo kama hiyo." Mwingine naye. Hapo ndipo lilipoanza hili ninalokuandikia, Mhariri. Pale pale, kwenye mizani ile ile, korosho yangu inapimwa uzito. Inapimwa unyevu. Zinachukuliwa chache zinapasuliwa kuangaliwa ndani, kisha mzigo unapewa daraja. Nikitia mchanga kwenye gunia naitwa mhujumu, na ni haki yangu kuitwa hivyo. Halafu pesa ninayolipwa kwa korosho iliyopimwa mara tatu naipeleka dukani, nauziwa boksi lililofungwa ambalo hakuna aliyelipasua, hakuna aliyelipima, na namba iliyo juu yake ameiandika anayeliuza. Msimu wa 2024 bei mnadani ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo, magari ya spika yalikuja kwetu mawili kwa siku.

Sasa msinielewe kwamba nasema betri nzito ndiyo nzuri, kwa sababu hapo mke wangu alishanishinda. Betri niliyonayo leo, tangu mwaka 2022, ni ya lithiamu, ile ya chuma na fosfeti, Ah 100. Nilipoileta nikaiweka mezani kwa mkono mmoja, nikaisifu. Mke wangu akaiinua, akanitazama. "Zile nyepesi zilikuibia," akasema, "hii ni nyepesi zaidi, mbona unaichekea?" Kilo 11! Nikakosa la kujibu mpaka mjukuu alipotuokoa. Lithiamu si risasi. Kilo 11 ndiyo uzito wake wa haki. Mizani inamkamata mwizi wa risasi, lakini huyu wa lithiamu anahitaji mtego mwingine, kwa sababu naye yupo: kuna maboksi makubwa ambayo ndani mna seli chache na nafasi ya kufugia kuku.

Mtego wenyewe ni balbu. Nilichukua balbu ya taa ya mbele ya gari, wati 55, nikaifunga kwenye betri iliyojaa. Hesabu ni nyepesi: volti 12.8 mara Ah 100 ni wati-saa 1,280, ukigawa kwa 55 unapata saa 23, na kwa kuwa balbu hunyonya zaidi kidogo ya maandishi yake, tukakubaliana ikifika saa 20 tunairuhusu ikae nyumbani. Niliiwasha saa kumi na mbili asubuhi baada ya swala. Mchana watoto wa jirani walikuja kuangalia taa inayowaka juani, wakaniuliza kama nimechanganyikiwa. Usiku nilikaa zamu kama tuko safarini kwenda Mafia, na birika la kahawa. Ilizimika saa nane na dakika chache za usiku. Saa 20 na ushei. Nikalala usingizi mzuri kuliko wote niliolala tangu ninunue ile ya lori.

Lithiamu unaweza kutumia sehemu nane katika kumi bila kuiumiza, yaani kwangu kama wati-saa 1,000. Paneli sasa ni mbili za wati 150, na siku ya jua zuri zinaniletea karibu kiasi hichohicho. Matumizi yetu: taa tano, redio inayoshinda ikiongea, televisheni saa tatu au nne, feni ndogo wakati wa joto, simu za ukoo mzima. Hizo zote kwa pamoja hazifiki 600. Kinachobaki kinaliwa na friji dogo la volti 12 linalofunguliwa kwa juu, ambalo mke wangu hugandishia barafu za ubuyu za kuwauzia watoto wa shule. Friji ndilo bwana mkubwa wa nyumba. Likiwepo, kila mtu anahesabu. Mawingu yakishinda siku moja barafu zinauzwa zikiwa laini, na yakishinda siku ya pili friji linazimwa na kugeuzwa sanduku la vitenge. Hakuna ugomvi, kila mmoja anajua kilichomo ghalani. Na ndiyo maana nasema betri ni ghala: huwezi kutoa magunia mia kama uliingiza hamsini, hata stakabadhi iandikwe kwa wino wa dhahabu.

Mtauliza, na upepo je? Umri wote nimeishi kwa upepo. Nilijua wa kusi na wa kaskazi, nilijua matlai na umande, nilijua tanga mbili, zile wiki ambazo bahari inakuwa kioo na baharia anaanza kutukana. Kwa hiyo nilipoona tangazo la kinu kidogo cha upepo, wati 400, nilisema hiki kimetengenezwa kwa ajili yangu. Kililetwa kwa basi kutoka Dar es Salaam mwaka 2021. Watoto wakakiita pangaboi la babu.

Nilikisimamisha kwenye bomba la mita sita kando ya nyumba, katikati ya minazi. Kilizunguka vizuri, na kwenye mita ya umeme hakuna kitu. Zile wati 400 zilizoandikwa ni kwa upepo wa mita 12 kwa sekunde, upepo ambao nahodha mwenye akili ameshapunguza tanga. Na nguvu ya upepo haipandi ngazi moja moja: ukiongezeka mara mbili, umeme unaongezeka mara nane, na ukipungua hali ni hiyohiyo. Upepo wetu wa siku ya kawaida, mita nne kwa sekunde, unazigeuza zile 400 kuwa kama wati 15. Taa mbili. Na hapo nazungumzia upepo safi wa mahali pa wazi, siyo huu uliokwishasagwa na makuti. Wataalamu wanataka pangaboi liwe mita kumi juu ya kila kilichopo ndani ya mita mia. Kwa minazi yangu hiyo ina maana nijenge mnara wa kuongozea meli.

Kisha Julai mwaka 2022 kusi ikavuma kwelikweli. Fundi alikuwa ameunga pangaboi kwenye kontrola ya sola. Kontrola ya sola, betri ikijaa, inakata mlango, na paneli haidhuriki, inakaa tu juani. Pangaboi ukilikatia mlango umelifungulia mbwa mnyororo. Halina cha kuvuta, linazunguka bila kizuizi, linapiga mluzi kisha linalia. Nilitoka na kanzu ya kulalia. Bawa la kwanza lilipita juu ya paa la jiko, la pili tuliliokota asubuhi limejichomeka kwenye shina la mkorosho. Namshukuru Mungu ilikuwa saa tisa usiku na kila mtu alikuwa ndani.

Nimelifunga upya, mabawa mapya, sasa liko kwenye ncha ya kilima mbali na minazi, mlingoti wa mita 12 wa bomba la chuma lenye bawaba chini. Nalipandisha na kulishusha kwa henza na gofia, yaani kamba na kapi, kama foromali, ule mti unaobeba tanga. Hicho nilijua kukifanya bila fundi. Betri ikijaa, umeme unaelekezwa kwenye koili iliyomo ndani ya pipa la maji, na maji ya kuoga ya asubuhi yanakuwa vuguvugu. Nikitaka kulisimamisha nasubiri lipoe mwendo, kisha naunganisha nyaya zake tatu pamoja, linajifunga breki lenyewe. Chumvi ndiyo adui aliyebaki: kila mwezi nafungua viungo vya waya, nasugua ukijani, napaka grisi.

Lina faida? Kwa fedha nilizomwaga pale ningepata paneli tatu, na mtu akiniuliza namwambia anunue paneli. Lakini ninalo la kulitetea. Mei mwaka 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema kwamba kimbunga Hidaya kinakuja pwani yetu. Nililaza mlingoti, nikaufunga kwenye visiki, na paneli nikazishusha ndani kama anavyoshusha matanga kila mwenye hofu ya Mungu. Kilipopita, mvua na mawingu vilibaki. Paneli zilikuwa zinaleta ampea mbili, moja na nusu. Nikausimamisha mlingoti na upepo uliobaki ukatulisha siku tatu: redio na taa mbili. Ni redio hiyo iliyotuambia barabara ya Dar es Salaam imekatika Somanga, na mtoto wangu aliyekuwa safarini hivyo hakuweza kufika. Usiku ule pangaboi lilikuwa halina bei.

Sasa lililobaki ndilo gumu kwangu kulisema, kwa sababu safari hii mkosaji si muuzaji.

Betri ya lori ilipokufa niliigeuza chini ya mkorosho nikamwaga asidi. Upande ule wa mti majani yalikauka na haujazaa vizuri tangu siku hiyo. Gamba nikamuuzia mvuvi mwenzangu, na sikumuuliza ya nini, nilijua. Anaivunja, anatoa sahani, anaziyeyusha kwenye sufuria kuukuu pale pwani, anamimina kwenye mchanga, anapata chubwi, vile vizito vya mishipi na vya nyavu. Mimi mwenyewe nimetumia chubwi za namna hiyo miaka mingi. Watoto wanapenda kukaa karibu kuangalia risasi inavyong'aa ikiyeyuka, na zikipoa wanasaidia kuzikwangua, kisha wanakula mihogo kwa mikono ileile. Mjukuu aliponieleza kwamba risasi ikimwingia mtoto inaharibu ubongo unaokua, na kwamba haina harufu wala maumivu ya kumtahadharisha, nilikwenda kwa yule mvuvi. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza, "Sasa nahodha, nizipeleke wapi?"

Sikuwa na jibu. Kila msimu mzuri wa korosho unaleta vijijini betri mamia, na nyingi zina uhai wa mwaka mmoja au miwili. Kule zinakotoka zinakuja kwa gari la muziki. Kurudi hakuna gari. Na risasi ni mali, inaweza kuyeyushwa kwa njia salama kiwandani ikawa betri tena. Si takataka ya kuzikwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye dhamana ya viwango na vipimo, ambao wanajijua, ni dogo kuliko barua yenyewe. Duka linalouza betri liwe na mizani mlangoni na balbu ukutani, na mnunuzi aruhusiwe kuvitumia kabla ya kutoa fedha. Gari la spika nalo hivyohivyo, na likishindwa, mizani ya chama cha msingi ipo, tutaliazima. Na anayeuza betri awajibike kuipokea ikifa, amkatie mteja chochote kwenye bei ya mpya, hata elfu tano, ili mvuvi aone afadhali kuipeleka dukani kuliko kuitia sufuriani.

Zile mbili za buluu sijaziuza. Ziko bandani, nimezisimamisha wima juu ya ubao, nimezifunika kwa chandarua kibovu ili watoto wasizichezee, na mvuvi ameshaniulizia mara tatu. Kama kuna duka ndani ya Lindi au Mtwara linalopokea betri zilizokufa, tafadhali lijitaje kupitia ukurasa huu. Nauli ya kivuko nitalipa mwenyewe.

Wako,
Nahodha mstaafu na mkulima wa korosho,
Ng'ambo ya Kitunda, Lindi.